Laptopu Iliyotafuta Mikono

Malama Lami aliirudisha laptopu siku ya tisa. Aliiweka juu ya mkeka kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto aliyechelewa kupata usingizi.

"Nzito," alisema.

Rakiya akacheka. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na sita, akiuza kompyuta ndogo zilizotumika humo humo nyumbani kwake, ndani ya Kano ya zamani, na katika malalamiko yote aliyowahi kusikia hilo hakulitarajia. Laptopu yenyewe ilikuwa ya kijivu, nyembamba kama daftari, ndogo kuliko sinia. Ilikuwa ya bei ya chini na haikujidai kuwa vinginevyo. Sifa yake kubwa ilikuwa wepesi. Akavuta mizani anayopimia unga wa mtama, akaipima mbele ya mgeni.

"Gramu mia tisa na hamsini. Kilo haifiki, Malama. Uzito wa wapi?"

"Mizani ndivyo inavyosema. Wewe ibebe."

Rakiya akaibeba, na mikono yake ikashuka. Ule haukuwa uzito wa chuma. Kila aliyelea anajua kwamba mtoto aliyelala ni mzito kuliko akiwa macho, na uzito wa namna hiyo ndio alioushika.

"Maoni yangu nimekutumia kwenye simu," Malama Lami alisema, huku anavaa viatu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ndiyo maana ya Malama, mwanamke asiyependa maneno mengi. Maji aliyopewa hakuyagusa. Kwenye shavu lake la kushoto palikuwa na alama nyekundu, nne, zilizopangana. "Sikiliza yote. Usisikilize nusu."

Maoni ndiyo yaliyompa Rakiya jina. Wateja wake walikuwa wanawake ambao hawakuwa na nafasi ya kuzunguka madukani, na walimwamini kwa sababu kila aliyenunua, baada ya siku chache, alirekodi sauti akasema alichokiona, na Rakiya akaiweka kwenye kundi la simu bila kuongeza wala kupunguza. Mmoja alisema spika inakohoa kama babu yake. Mwingine alisema chaji inakaa kuliko mumewe anavyokaa nyumbani. Watu walicheka, wakanunua.

Alipobaki peke yake akafungua sauti ya Malama Lami.

"Chaji inakaa saa saba. Kibodi ni laini, kioo hakiumizi macho. Kwa bei ile, hakuna zaidi." Kisha mwalimu akaendelea kwa sauti ya chini. "Lakini ikifika adhuhuri inanuka ngozi iliyoungua. Inakuwa nzito. Na siku ya nane iliniambia, lete mikono nione. Nikaionyesha, nikidhani ni mchezo wa wanafunzi wangu. Ikanipiga kofi. Rakiya, usimuuzie mtu."

Mdogo wake Barau alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Ndiye aliyetengeneza mashine zote alizouza dada yake, huko uani, kando ya shimo la nili ambalo babu yao alilitumia kutia nguo rangi na ambalo tangu afariki halikutumika tena. Alikuwa amevaa glavu nyeusi, kama kawaida yake msimu ule. Upepo wa vumbi unampasua ngozi, alisema.

"Walimu nao!" Barau alicheka. "Anashinda na watoto themanini kwenye jua, halafu anasingizia laptopu."

"Na lile shavu?"

"Dada, mimi namjua mume wake alivyo? Naijua mashine. Niliifungua mwenyewe, nikaisafisha mwenyewe. Haina kitu."

Rakiya alitaka kuamini, na anayetaka kuamini hahitaji ushahidi mwingi. Akaichukua ile sauti, akaikata katikati. Nusu ya kwanza akaiweka kwenye kundi. Ya pili akaifuta.

Siku mbili baadaye akaja Delu, binti wa nyumba ya tatu, aliyekuwa anasomea ukunga. Alitoka kwenye harusi ya binamu yake, viganja vyake vimekolea hina hadi kwenye vifundo, bado vinanukia.

"Hii ndogo ndogo ndiyo naitaka, Bi Rakiya. Mkoba wangu umeshajaa vitabu, mgongo unaniuma kama bibi kizee. Kweli ni nyepesi?"

"Kama kawa la kufunikia chakula. Msikilize mwenyewe aliyekuwa nayo."

Delu akasikiliza, kichwa upande. "Mbona amekatika ghafla?"

"Mtandao, mwanangu," Rakiya alisema. "Unajua mtandao wetu."

Siku ya tatu, jua likiwa utosini, Mama Delu alikuwa uani kwake anageuza masa, vile vitumbua vya mchele, kikaangoni aliposikia harufu ya ngozi inayoungua. Alidhani jirani anababua kichwa cha mbuzi. Kisha akasikia sauti chumbani kwa bintiye, sauti kavu, si ya mume wala ya mke, inauliza kitu. Akamsikia Delu akicheka.

"Mikono gani tena? Haya, hii hapa. Nzuri, si nzuri?"

Kisha pakalia ko, kama kuni kavu ikivunjwa gotini.

Mama Delu aliingia mbio na mwiko mkononi, akamkuta bintiye amepiga magoti mbele ya kimeza, vidole vinne vya mkono wa kulia vimebanwa ndani ya laptopu, na kile kifuniko chepesi cha plastiki, ambacho mtoto wa miaka miwili angeweza kukiinua, kikifunguka na kujifunga, kikifunguka na kujifunga, kama taya la fisi juu ya mfupa, na kila kikijifunga damu ilichuruzika kwenye herufi na Delu alipiga kelele isiyo na neno ndani yake. Mama mtu akakidaka kifuniko kwa mikono yote miwili. Kitu ambacho hakukiona kikampiga kifuani, akaruka hadi ukutani, na alipoinuka jino lake la mbele lilikuwa kwenye ulimi.

Mganga wa mifupa alivifunga vidole vya Delu kwa vijiti jioni ile. Laptopu wakaifungia ndani ya sanduku la nguo, sanduku likafungwa kufuli. Haikusaidia. Adhuhuri ya pili Delu alikuwa amelala kwa shangazi yake, mtaa mwingine kabisa, na watu sita wamemzunguka, aliponyanyuliwa kwa nywele kutoka kwenye godoro na kupigwa, kofi baada ya kofi, kichwa kikienda huku na huku, huku wale sita wakishika hewa. Alipoachwa uso wake haukujulikana.

Rakiya alikwenda kumwona. Mama Delu alimpokea mlangoni, mdomo umevimba.

"Rakiya, nakuuliza kwa Mungu. Aliyekuwa nayo kabla alisema nini?"

"Alisema..." Rakiya akavitazama viatu vilivyopangwa mlangoni. "Alisema chaji inakaa."

"Basi?"

"Basi."

Mama Delu akamshukuru kwa kuja.

Siku ya tatu tangu vidole vivunjike walimleta Asabe, ambaye mji mzima ulimwita Gwaggo, yaani shangazi. Miaka ishirini alikuwa mfanya usafi wa wodi ya wanawake, na huko huko ndiko alikoanza kuwasomea wale ambao madaktari walisema hawana ugonjwa. Alikuwa mnene, mwepesi wa hasira, na alifika na chupa ya maji ya kisomo ndani ya mfuko wa plastiki.

"Nani aliiuza? Nani aliitengeneza? Kila aliyeigusa akae hapa nimwone," aliamuru.

Hivyo Rakiya akaketi uani kwa Mama Delu, na Barau kando yake, mikono mifukoni. Delu alilazwa kwenye mkeka. Laptopu iliwekwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Ili kuitoa sandukuni walihitajika wanaume wawili, na walipoiweka wakaondoka bila kuaga.

Gwaggo alianza kusoma. Kuku waliokuwa wakichakura wakaacha, wakajibana chini ya ngazi. Harufu ikaja, kwanza nyembamba, kisha nzito mpaka Rakiya akaionja kwenye meno. Kifuniko cha laptopu kikainuka chenyewe, kidogo, kama jicho la mtu anayejifanya amelala. Na Delu, aliyekuwa hawezi hata kugeuka, akaketi wima.

"Lete mikono," alisema kwa sauti ile kavu.

"Mikono ya nani?" Gwaggo aliuliza.

"Aliyemwaga."

"Huyu mtoto hajamwaga kitu. Hii ni hina. Ni pambo. Umekosea, wewe uliye ndani yake."

"Nilikuwa chini. Nilitazama juu, nikaona mikono tu, ya manjano, imeshika sufuria. Hakusema bismillahi. Maji yakatushukia yanafoka. Mwanangu alikuwa amelala kifuani kwangu." Delu akageuza shingo taratibu, uso wake uliovimba ukamtazama mmoja baada ya mwingine, na machozi yalikuwa yanamtoka, ila meno yalikuwa yanasagika. "Kile chombo kilinuka mikono ile. Nikaingia humo na mwanangu mikononi. Nikasema, mwenyewe atakuja kukishika. Wanakuja wengine. Wanakuja wenye chaki, wanakuja wenye hina. Leo nimechoka kuuliza. Adhana ikiisha navunja vilivyobaki, kisha shingo."

Na adhana ya adhuhuri ikaanza, msikiti wa kwanza, kisha wa pili.

Gwaggo akapandisha sauti, akamrushia maji ya kisomo, na kabla tone halijafika alinyanyuliwa na unene wake wote, akatupwa juu ya mitungi ya maji, mitungi ikapasuka, naye akabaki amekaa kwenye tope na vigae, damu inamtoka sikioni, midomo ikiendelea kusoma kwa sababu ilikuwa imezoea. Mkono wa kushoto wa Delu ukainuka wenyewe, ukaelekea kwenye laptopu. Delu, Delu mwenyewe, akalia kutoka mahali pa mbali ndani ya mwili wake: "Mama, nishike! Mama, mkono wangu unakwenda!" Mama Delu akaning'inia kwenye ule mkono, akaburutwa nao mchangani kama kamba inayoburutwa na mbuzi.

Rakiya aliyaona hayo yote, na katikati yake akili yake, badala ya kukimbia, ikaenda nyumbani, ikamwonyesha taulo ya Barau iliyotundikwa bafuni yenye madoa ya manjano yasiyotoka kwa sabuni yoyote, ikamwonyesha sufuria nyeusi ambayo Barau alimkataza kupikia na ambayo mwenyewe aliitumia uani kuchemshia tindikali, akiosha mabodi ya kompyuta mbovu ili apate vumbi la dhahabu lililomo, ikamkumbusha ule moshi wa saa sita unaokwaruza koo na mlio wa kitu cha moto kikimiminwa ndani ya shimo la babu yao, shaaa, siku moja kabla hajamletea laptopu ya kijivu na kusema, dada, hii imepona.

"Barau," alinong'ona. "Vua glavu."

"Dada, ngozi yangu..."

"Vua."

"Unataka waniue? Mimi ni damu yako!" Alikuwa ananong'ona pia, macho yamemtoka. "Nilijuaje kama kuna mtu mle ndani? Shimo bovu lile! Dada, nakuomba. Msichana atapona. Tutampeleka hospitali kubwa."

Msikiti wa pili ulikuwa unamalizia. Barau akaruka kuelekea mlangoni. Rakiya akamdaka kiuno, wakaanguka wote wawili, Barau akampiga kiwiko cha pua, akaivunja, na Rakiya akaendelea kushika, akamkalia kifuani kama walivyokuwa wakipigana utotoni, akaing'ata glavu kwa meno na kuivuta.

Mkono ulikuwa wa manjano. Manjano ya bizari iliyokolea, kuanzia kucha hadi kwenye kifundo, na hapo rangi ilikatika kwa mstari.

Delu akaanguka kama nguo iliyodondoka kwenye kamba.

 Kisha Barau akatazama mikono yake. Ngozi ilikuwa inasogea. Ilivimba, ikatoka mapovu, mapovu yakapasuka na mengine yakaja chini yake, kama uji unaochemka, bila moto, bila maji, na mvuke ukapanda kutoka kwenye viganja vyake kwenye jua lile kali, na alipofungua kinywa kulia sauti yake ilichanganyika na nyingine mpaka haikujulikana nani anaungua na nani anaunguza. Rakiya alijaribu kumfunika kwa mtandio wake, na mtandio ukashika joto akautupa. Kucha za Barau zikadondoka mchangani. Rakiya alizihesabu kwa macho bila kutaka.

"Hapo hapo!" Gwaggo alipiga kelele akiwa topeni. Alitambaa kwa magoti hadi katikati yao. "Kisasi kina mpaka! Wewe ni mama, na mimi ni mama. Hadi pale alipochovya, usipite! Ukipita kifundo umekuwa mdhalimu, na mimi na wewe tutasimama mbele ya Mungu!"

Mapovu yakafika kwenye mstari, yakasimama.

Barau akainua uso. Waliokuwepo wanasema macho hayakuwa yake.

"Mwanangu haoni tena," alisema kwa ile sauti. "Ana njaa. Aletewe maziwa penye shimo, adhuhuri, siku arobaini."

"Nani alete?" Gwaggo aliuliza.

"Huyu aliyesikia akafuta."

Kidole kisichokuwa na kucha kikamwelekea Rakiya. Kisha Barau akazimia, na ile harufu ikatoka uani yote kwa mara moja.

Mama Delu ndiye aliyesogea kwanza. Aliinua laptopu kwa vidole viwili. Ilikuwa nyepesi kweli. Akaiweka chini, akachukua mchi, akaiponda mpaka vioo na vyuma vikawa kama chumvi ya mawe. Ndipo akamgeukia Rakiya, mchi bado mkononi.

"Alisema nini yule mwalimu?"

Safari hii Rakiya alimwambia yote. Alirudia neno kwa neno, pamoja na lile la mwisho: usimuuzie mtu. Mama Delu akaweka mchi chini, kwa uangalifu, kisha akampiga ngumi ya mdomo. Akampiga ya pili. Rakiya hakuinua mkono kujikinga, na Gwaggo, aliyekuwa anafunga kichwa chake kwa kitambaa, hakumwambia aache.

Hospitali ilimkata Barau vidole vinane. Madaktari walitaka kujua ni mafuta ya aina gani. Akasema tindikali, na hakuwa amesema uongo.

Wiki ya tatu Delu alituma maoni yake. Alirekodi sauti, kama wengine. Alisimulia kila kitu, tangu harusi hadi mitungi, kisha akasema: "Kompyuta ilikuwa nzuri. Chaji inakaa. Aliyeniuzia ndiye asiyefaa." Rakiya aliisikiliza hadi mwisho, akaiweka kwenye kundi bila kukata hata pumzi. Kufika jioni wateja mia mbili walikuwa wamebaki tisa, na hao tisa, nadhani, walisahau tu kujitoa.

Kila adhuhuri alinunua maziwa kwa wanawake wa Kifulani wanaopita na vibuyu kichwani, akayamimina kwenye kibuyu kidogo, akasema bismillahi, akakiweka ukingoni mwa shimo na kugeuza mgongo. Kila alipogeuka kilikuwa kitupu. Siku ya kumi aliacha kutetemeka. Siku ya thelathini alijikuta akitia sukari kidogo.

Siku ya arobaini alikiacha kibuyu pale pale, akaenda zake.

"Zimetimia," Barau alimwambia kesho yake. Walikuwa wamekaa chumbani, Barau amemwegemea begani, Rakiya anamlisha tuwo, ule ugali wa kwao, kwa mkono wake. "Usiende tena, dada. Deni limeisha. Funga mlango wa uani."

Akaufunga.

Jua lilipofika utosini walisikia kitu kikiburutwa mchangani huko nje. Kilikwenda kidogo, kikagonga ukuta wa jiko, kikasimama. Kikabadilisha njia. Kikagonga ndoo. Kikasimama tena, kikageuka tena, kama kinavyokwenda kitu kilichoshikwa na mtu mfupi ambaye hajawahi kufika nyumba hii na haoni mbele, na hakuna anayemshika mkono, na kila kikigonga kilingoja, kana kwamba kinasikiliza wapi watu wanapumua, mpaka kikaja kikagonga ubao wa mlango wao, chini kabisa, usawa wa goti.

Barau alikuwa ameacha kutafuna.

"Mama yake yuko wapi?" alinong'ona. "Dada, mbona yuko peke yake?"

Kibuyu kikagonga tena. Kisha sauti ndogo, yenye ukungu wa usingizi, ikasema nyuma ya mlango:

"Bado."

Rakiya aliondoa kichwa cha Barau begani kwake, akanawa mkono uliokuwa na tuwo, akaenda kufungua.